Fundi baiskeli aliyenivua ualimu

(Haya niliyasema jioni moja hapa Tanga mjini, ukumbini, mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, wazazi wao, na wenzangu wa kijiweni. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani. Salamu za itifaki nimezikata, na vicheko nimewaachia waliokuwepo.)

Shikamooni wazee wangu. Hamjambo wanangu. Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na nyie wa kijiweni kwetu mliojibanza kule nyuma, nimewaona.

Mwenyekiti amenitambulisha kuwa ni mwalimu mstaafu wa fizikia, na papo hapo nimesikia miguno upande wa kulia. Ile miguno naijua. Ni ya fundi baiskeli, Nahodha na yule mama tunayemwita Bi Barafu. Hao wanaamini kwamba mimi sikustaafu siku niliyopewa barua na saa ya ukutani. Wanasema nilistaafishwa jioni moja, saa kumi na moja, barazani kwetu Ngamiani, na aliyenistaafisha hana cheti chochote. Nitawasimulia mwenyewe, maana nikiwaachia wao wataongeza chumvi, na chumvi huku kwetu haina bei.

Kijiwe chetu ni kibaraza cha nyumba ya kawaida. Baada ya swala ya alasiri muuza kahawa anapita na dele lake na jiko la mkaa chini yake, vikombe vinalia mkononi, tunakaa. Zamani tulizungumza mpira na siasa kama watu wote. Sijui ilianzaje, lakini sasa ni miaka kadhaa tunabishana fizikia. Si ya ubaoni. Ni ya sufuria, ya tairi, ya mtumbwi. Mtu anatupa swali, wengine wanamcheka, anayecheka zaidi anadaiwa jibu, na jibu likipatikana lazima mtu alionyeshe kwa mkono. Aliyeshindwa ananunua kashata za baraza zima. Mimi kwa kashata nilizonunua ningeweza kuwa na bati la mabanda mawili.

Sasa hiyo siku ya kustaafishwa. Lazima nianzie mbali kidogo.

Nikiwa bado kijana wa chaki, mwanafunzi wa kidato cha pili alininyooshea mkono. Kwao walikuwa na baiskeli, kama nusu ya nyumba za Tanga, na kazi yake ya asubuhi ilikuwa kujaza upepo kabla baba hajaondoka. Akauliza: "Mwalimu, kwa nini pampu inaunguza chini, lakini juu haiunguzi?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua. Msuguano. Ile ngozi ya ndani inasugua bomba, kusugua kunaleta joto, kaa chini. Hakukaa. "Lakini mwalimu, ngozi inasugua bomba lote, juu mpaka chini."

Darasa likacheka. Nami nikacheka nao, kisha nikasema neno ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili: "Basi wewe nenda kaandike fizikia yako." Akakaa. Mpaka anamaliza kidato cha nne sikumwona tena akinyoosha mkono katika kipindi changu.

Miaka ikaenda. Barazani, nikiwa na kahawa yangu, mada ya pampu ikazuka, na mimi kwa ujasiri uleule nikatoa jibu lilelile. Msuguano. Fundi baiskeli hakubisha. Aliweka kikombe chini, akaingia ndani, akatoka na pampu ile ndefu ya kukanyagia. Akachomoa mpira wake kwenye valvu. "Mwalimu, piga hewani mara hamsini." Nikapiga. Akaushika mkono wangu kama daktari, akaubandika chini ya bomba, pale mpira unapoanzia. Hapakuwa na kitu. Vuguvugu la kusingizia tu.

Kisha akaivuta baiskeli ya muuza mkaa, ambaye tairi lake la nyuma linabeba magunia na linataka upepo wa kupigia ngoma. Akaunganisha. "Piga hamsini zilezile, kwa mwendo uleule." Kufika thelathini nilikuwa nahema kama nimepanda Usambara kwa miguu. Hizo hamsini nilizifikisha kwa aibu ya kuangaliwa. Akaushika mkono tena, akaubandika palepale, na safari hii niliurudisha mwenyewe kabla hajaniachia.

"Ngozi ni ileile," akasema. "Bomba ni lilelile. Mafuta niliyopaka ni yaleyale. Msuguano wako umekwenda wapi?"

Kicheko kilichotoka pale kilisikika Barabara ya Kumi na Mbili.

Jibu, wanangu, ni kwamba msuguano upo, lakini ni mchango wa mpita njia. Joto kubwa linatoka kwenye kuibana hewa yenyewe. Unapoisukuma kwa nguvu hewa ambayo haina pa kwenda, kazi ya mikono yako inaingia ndani ya hewa na kugeuka joto. Ukiwa na hewa ya nyuzi 30, ukaibana haraka mpaka kanieneo yake, yaani ule msukumo wake, iwe mara tatu, na joto lisipate upenyo wa kutoroka, hesabu inakupa zaidi ya nyuzi 140. Kwenye pampu haifiki huko, kwa sababu bomba la chuma linakunywa joto hilo, ndiyo maana linaunguza, tena linaunguza chini, ambako hewa imebanwa zaidi. Yule mtoto alikuwa ameshaliona jambo lenyewe. Alikuwa na swali zuri kuliko jibu langu.

Na kama mnadhani ni mambo ya pampu tu, muulizeni fundi yeyote wa malori kwa nini injini ya dizeli haina plagi. Haina kwa sababu haihitaji cheche. Hewa ndani ya silinda inabanwa mpaka inabaki na nafasi moja kati ya kumi na tano au ishirini ya pale mwanzo, inapanda kupita nyuzi 500, na dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe. Lori linalopanda milima ya Lushoto na shehena ya kabichi linaendeshwa na kitu kilekile kilichoniunguza mimi kidole.

Siku ile nilinunua kashata za watu kumi na moja.

Nataka niseme kitu kuhusu kicheko, maana ndicho kilichonileta hapa. Huku kwetu utani tumezaliwa nao. Mzigua na mtani wake, Msambaa na mtani wake, mpaka msibani mtani anafanya vituko na wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Mtani anakuchokoza ili umjibu. Fundi baiskeli alinicheka, lakini alinicheka akiwa na pampu mkononi, na mkono wangu ameushika. Mimi yule mtoto nilimcheka nikiwa na chaki, na nilipomaliza kucheka niligeukia ubao. Wa kwangu haukuwa utani. Kiswahili kina neno lake: ile ni kejeli.

Tuendelee. Msikae kimya hivyo kama mko msibani.

Kuna mgeni wetu mmoja kutoka Dodoma, kila akija anatutambia mtungi. Anasema maji ya mtungi wa kwao yanauma meno, ya mtungi wa Tanga ni kama yametoka bombani. Tulimwambia ni ufinyanzi, tukamwambia ni udongo, Nahodha akasema ni kwa sababu Wagogo wanakunywa maji mara chache kwa hiyo yanapata muda wa kupoa. Yule akacheka akatwambia tuthibitishe. Basi tukakaa na karatasi.

Mtungi unapoa kwa sababu unatoka jasho. Maji yanapenya kwenye udongo, yanafika nje, yanakauka, na kila gramu inayokauka inaondoka na joto la jouli 2,400 hivi. Ili kupunguza nyuzi 5 kwenye lita 20 za maji, inatosha ikauke robo lita kasoro. Glasi moja tu! Lakini hiyo glasi itakauka wapi kama hewa yenyewe imeshashiba maji? Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 35, kama ya Dodoma mchana wa kiangazi, inaweza kuushusha mtungi unaovuja jasho mpaka karibu nyuzi 19. Hewa ya nyuzi 30 hizohizo yenye unyevu wa asilimia 75, hii yetu inayofanya chumvi igande kwenye kopo, haikushushi chini ya 26. Mgeni alikuwa sahihi na sisi hatukuwa na kosa. Kashata tuligawana nusu kwa nusu.

Swali la kanzu na buibui lililetwa na dada mshonaji, na alilileta kwa hasira, kwa sababu mteja mmoja alimwambia buibui jeusi ni adhabu kwenye jua. Rangi nyeusi inakunywa joto, kila mtu anajua. Ila mwaka 1980 watafiti waliochunguza majoho ya Mabedui jangwani walikuta kwamba joto linalofika mwilini lilikuwa sawa kwa aliyevaa jeusi na aliyevaa jeupe. Nguo nyeusi ilipata moto zaidi, kweli, lakini joto lile lilipotea kabla ya kufika kwenye ngozi, kwa sababu nguo ilikuwa pana na hewa inapita katikati. Dada akasema, "Kwa hiyo tatizo si rangi, ni wale wanaotaka niwabane." Sina la kuongeza.

Nahodha ndiye aliyetutesa kuliko wote. Anavua Sahare tangu akiwa mtoto, na haangalii kalenda ya ukutani. Anahesabu mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bamvua, maji yanajaa mpaka yanagonga miguu ya mikoko ya juu na yakipwa yanakuachia mtumbwi kwenye matope mchana kutwa. Nusu ya mwezi, maji mafu, yanakwenda kidogo yanarudi kidogo. Kila siku yanachelewa dakika kama 50 kuliko jana. Haya yote anayajua kuliko mimi. Swali lake lilikuwa lingine.

"Mwalimu, mnasema jua ni kubwa kuliko mwezi."

Ndiyo, Nahodha.

"Na linaivuta dunia kuliko mwezi unavyoivuta."

Ndiyo. Mara 180 hivi.

"Sasa mbona bahari inamsikiliza mwezi?"

Nilimwomba siku mbili. Nilirudi na karatasi niliyoandika nyuma ya pakiti ya majani ya chai, na bado ninayo. Siri ni kwamba maji hayajazwi na ukubwa wa mvuto. Yanajazwa na tofauti ya mvuto kati ya upande wa dunia ulio karibu na upande ulio mbali. Fikirini watu wanaovuta jarife, ule wavu mkubwa, kutoka majini kwa kamba. Wote wakivuta kwa nguvu sawa, jarife linakuja zima halibadiliki umbo. Wa mbele akivuta zaidi kuliko wa nyuma, linatanuka. Jua liko mbali mno, kwa hiyo linavuta upande huu wa dunia na upande ule karibu sawasawa. Dunia inakwenda nzima, hainyooki sana. Mwezi uko karibu, anabagua.

Hesabu ni hii, na mtoto wa kidato cha tatu anaiweza. Uzito wa jua ni kama mara milioni 27 ya mwezi. Umbali wake ni kama mara 389. Mvuto wa kawaida unapungua kwa mraba wa umbali: 389 mara 389 ni laki moja na nusu na kidogo; gawa milioni 27 kwa hiyo, unapata hizo 180. Lakini ile tofauti inayotanua bahari inapungua kwa mchemraba. Zidisha tena kwa 389, unapata karibu milioni 59. Milioni 27 kwa milioni 59, ni chini kidogo ya nusu. Ndiyo mamlaka ya jua juu ya bahari yetu: haifiki nusu ya mwezi. Likiwa mstari mmoja na mwezi wanasaidiana, hilo ni bamvua. Likisimama pembeni kama mshale wa saa tisa, linapunguza kazi ya mwezi, hayo ni maji mafu.

Nahodha aliiangalia ile pakiti muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo aliye karibu ndiye mwenye amri, hata akiwa mdogo." Akamtazama mke wangu aliyekuwa anapita kutoka sokoni. Watu wakaangua kicheko. Hiyo sehemu niliambiwa nisiisimulie leo.

Haya, sasa barafu.

Nyie mnasoma mkoani Tanga, na yapasa mlijue hili kabla ya jina la Newton. Mwaka 1963, juu hapo Lushoto, Sekondari ya Magamba, mvulana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja akaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha. Mpemba akaona nafasi inakwenda, akatia yake yakiwa moto vilevile, liwalo na liwe. Baada ya saa moja na nusu wakafungua. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji.

Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Hapa kuna kipande ambacho watu wengi wanaosimulia habari hii wanakiruka, na mimi ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ni cha kwetu. Likizo, Mpemba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu hapa hapa Tanga mjini. Huyo rafiki akamwambia kwamba wao huutia mchanganyiko kwenye friji ungali moto, ili ugande upesi. Akawauliza wauzaji wengine wa mjini, wakamwambia hivyohivyo. Yaani swali lililokuja kuwashughulisha maprofesa wa Ulaya na Marekani, watu wa Tanga walikuwa wameshaligeuza kuwa biashara. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Mpemba akaenda sekondari ya Mkwawa, Iringa, akafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Kuanzia hapo, akikosea hesabu, mwalimu na darasa zima wanamwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba. Mnasikia? Mimi niliposoma kisa hiki mara ya kwanza nilifunga kitabu. Nilikumbuka mtoto wa pampu. "Nenda kaandike fizikia yako." Karibu neno kwa neno.

Lakini yule hakukaa chini. Alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua vikombe viwili vidogo vya maabara, kimoja maji ya bombani, kingine maji ya moto, akavitia kwenye friji. Baadaye akakuta cha maji ya moto kina barafu nyingi zaidi. Kisha shuleni kwao akaja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam enzi hizo kikiwa chuo kishiriki, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, ujazo sawa, friji moja, kwa nini ya 100 yanaganda kwanza? Wenzake baadaye walimwambia amewaaibisha. Osborne alitabasamu, akamwomba arudie swali, akamuuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo. Mpemba akasema ndiyo. Osborne akakiri kwamba hajui, ila atakwenda kujaribu.

Akarudi Dar, akamwagiza fundi wa maabara afanye. Fundi akaleta ripoti: ndiyo, maji ya moto yameganda kwanza, lakini usiwe na wasiwasi, tutarudia mpaka tupate jibu sahihi. Fundi huyo namsamehe. Namuelewa sana.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja kwenye jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa anasomea wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, na huko ndiko maisha yake yalikoelekea. Ila jina lake limebaki kwenye fizikia duniani kote, athari ya Mpemba, lile lile jina walilolifanyia dhihaka. Na ukitazama nyuma, Aristotle, mwanafalsafa wa Wagiriki wa kale, alishaandika kwamba watu wa Ponto, kule Bahari Nyeusi, wakivua kwenye barafu, walimwagia matete yao maji ya uvuguvugu ili yagande upesi na kuishika. Wavuvi tena! Nahodha ameniambia nisisahau kulisema hilo.

Je, ni kweli? Hapa ndipo mtakapojua kama mnapenda sayansi au mnapenda majibu. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi kwa atakayeeleza sababu. Walipokea maelezo zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima kwa uangalifu muda wa maji kufika nyuzi sifuri, wakasema hawaioni athari yoyote yenye maana, na wakaonyesha kwamba kipimajoto kikisogea sentimita moja tu juu au chini, unaweza kujidanganya kwamba umeiona. Mwaka 2020 huko Canada, Kumar na Bechhoefer wakachukua punje ya kioo ndogo kuliko vumbi, wakaisukuma kwa mwanga wa leza ndani ya maji, wakaonyesha kwamba kitu cha moto kweli kinaweza kuwahi kupoa kuliko cha vuguvugu, bila mzozo. Mwaka 2024 athari za jamii hiyo zikaonekana hata kwenye ioni, yaani atomi zenye chaji, zilizonaswa maabara. Kwa maji ya kwenye friji, bado watu wanabishana.

Kwa hiyo na sisi tukabishana. Bi Barafu ana friza la kuuzia barafu za ubuyu na za maziwa. Yeye anasema siku zote anaweka mchanganyiko ukiwa na mvuke wake, na anatuona sisi wasomi ni watu wa kupoteza muda. Tukamwomba siku nne. Vikombe viwili vya bati vya aina moja, maji ya mtungi uleule, kimoja kimechemshwa.

Siku ya kwanza umeme ukakatika. Siku ya pili cha moto kikashinda, fundi akacheza mbele ya friza. Siku ya tatu cha moto kikashindwa vibaya, nikacheza mimi. Tukaanza kutupiana lawama, mpaka mtoto wa Bi Barafu, yupo darasa la sita, akatuuliza kwa nini siku ya pili kikombe cha moto kilikuwa kimezama.

Kimezama? Tukainama. Siku ile ya pili, ndani ya friza chini, palikuwa na ule unga mweupe wa barafu wa siku nyingi, mnene kama kidole. Kikombe cha moto kiliuyeyusha, kikakaa kwenye bati tupu lenye baridi kali. Cha baridi kilibaki juu ya unga kama mtu aliyelalia godoro, na barafu ya unga haipitishi joto vizuri. Siku ya tatu Bi Barafu alikuwa amelisafisha friza. Siku ya nne tukakata kipande cha gunia la mkonge, tukakiweka chini ya vikombe vyote viwili, na vikombe vikaenda karibu sare. Mle ndani kuna sababu nyingine pia: maji ya moto yanakauka yakabaki machache, yanatoa hewa iliyoyeyukia ndani, yanazunguka kwa nguvu zaidi, na wakati mwingine ya baridi yanashuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri bila kuganda, yamekaa tu yanasubiri kitu cha kuyashtua.

Kisha likaja gumu zaidi. "Kuganda" maana yake nini? Mimi nilikuwa natazama kipimajoto kifike sifuri. Fundi alikuwa anatazama utando wa kwanza. Bi Barafu akatucheka sote. Kwake yeye barafu ina hatua zake: kwanza inashika, halafu inaganda, halafu inakuwa jiwe, na mteja halipi mpaka iwe jiwe. Saa zetu tatu zilikuwa zinapima vitu vitatu. Wale Waingereza walipima muda wa kufika sifuri. Yeye hesabu yake inaanzia hapo.

Nimeambiwa muda wangu umekwisha, na naona muuza kahawa amefika mlangoni. Kesho alasiri tunarudia, mara hii kwa maziwa na sukari kama ya Magamba, maana maji matupu si aiskrimu. Anayetaka kuja aje na kikombe chake na saa yake. Bi Barafu anasema hakuna friza kugusa mpaka kwanza nimlipe barafu kumi na mbili za ubuyu ambazo majaji wangu walikula siku ya tatu wakati wanasubiri matokeo.